Punda wa Mama Nalangu

Tik.

Sauti ndogo tu, kama jino lililokutana na kijiwe ndani ya maharagwe. Valerie Nelima aliisikia mara moja, Ijumaa moja ya mwezi wa pili, saa tisa mchana, katika chumba cha majaribio cha kiwanda cha plastiki pale Kitengela, na tangu siku hiyo hajaisikia tena isipokuwa ndani ya kichwa chake. Humjia akipiga mswaki. Humjia kanisani, kwaya inapovuta pumzi kabla ya ubeti wa pili, pale ambapo watu wote wananyamaza kwa nukta moja.

Siku ile Kimanzi, fundi wa majaribio, alikuwa amefunga mpini mweusi wa pampu ya maji kwenye mashine inayovuta kitu kupima uimara wake. Mshale wa kipimo haukuwa umefika hata nusu ya safari yake.

"Umesikia?" Kimanzi akauliza.

"Ni bolti imejikaza," Nelima akasema.

"Bolti hulia kong, injinia. Hiyo imelia kitu kingine."

"Kimanzi, endelea tu."

Kimanzi akaendelea. Mshale ukapanda mpaka mwisho, mpini haukukatika, na Nelima akaandika neno moja kwenye fomu: mzima.

Ana miaka thelathini na mitatu. Ni binti wa mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Bungoma, kwenye mashamba ya miwa, na Kitengela anapanga chumba na sebule katika ghorofa ya tatu. Majirani wa ploti wanamjua kwa mambo mawili: sauti yake nzito ya kuimbia, na tabia yake ya kugeuza vyombo vya plastiki chini juu kabla ya kuvinunua. Hupitisha kidole gumba chini ya beseni polepole, kama daktari anayetafuta uvimbe. Lucy wa duka la vyombo alishamzoea.

"Unanunua hiyo beseni ama unaioa?" humuuliza.

"Naangalia mahali ilifungwa kitovu."

"Sawa. Ukimaliza uniambie kama ni msichana."

Anachokitafuta ni mshono. Kila chombo cha plastiki kilimiminwa kikiwa uji wa moto, na mahali ambapo mikondo miwili ya uji huo ilikutana hubaki mstari mwembamba kama kovu la zamani. Watu hawauoni. Kazi ya Nelima ni kuuona.

Kiwanda chao si kikubwa. Wanatengeneza mabeseni, vipuri vya pikipiki, na mwaka uliopita wakaanza mipini ya pampu za visima. Ile ya chuma ilikuwa ikiibiwa na kuuzwa kama chuma chakavu, watu wakiamka wanakuta pampu imesimama bila mkono. Watu wa visima wakamjia Wahome, mwenye kiwanda, wakamwomba mpini ambao mwizi hatautaka. Wahome akachagua plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo, nyuzi nyembamba kuliko nywele, zimekatwa fupi kuliko punje ya mchele uliovunjika. Katika kitu kama hicho nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Plastiki inazishika tu zisitawanyike.

Hapo ndipo Nelima alipoingia. Kazi yake ilikuwa kuuchora mpini ndani ya kompyuta na kuuzeesha kabla haujazaliwa. Aliugawa vipande elfu themanini, kila kipande akakipa namba yake. Sufuri maana yake kipande ni kizima. Moja maana yake kimekufa. Katikati ya sufuri na moja ndipo mateso yote yalipo: nyuzi zinaachana na plastiki moja moja, kimya kimya, kila mtu anapovuta maji, na kwa macho mpini unabaki mweusi na mzuri kama siku ulipotoka kiwandani. Kwenye skrini palipo pazima ni bluu, panapougua panageuka manjano, panapokufa pekundu. Aliipenda kazi hiyo. Kwake ilikuwa njia ya kukihurumia kitu kabla hakijaumia.

Lakini kompyuta haijui ila inachoambiwa. Nelima alikuwa amekata vijiti vya kupimia kutoka kwenye bamba bapa la plastiki hiyo hiyo, Kimanzi akavivuta, vikaonekana imara. Basi akaiambia kompyuta kwamba ndani ya mpini wote nyuzi zimelala ovyo, kila upande, kama nyasi zilizomwagwa sakafuni. Ndiyo njia ya mkato, na kwa mabeseni haijawahi kumwumbua.

Ijumaa ile sikio lake lilisema jambo moja na skrini ikasema jingine. Pale kwenye tundu la pini, ambapo mpini unaning'inia kwenye pampu, skrini ilikuwa bluu tupu. Nje, gari la mafundi wa kufunga pampu lilikuwa linanguruma tayari. Na mwezi huo Nelima alikuwa amesema "tungojeni" mara tatu, mpaka Wahome akatania mbele ya watu: "Huyu injinia wetu akifika mbinguni, ataomba wiki mbili aipime kwanza." Watu walicheka. Naye alicheka. Kwa hiyo akaamini rangi.

Mipini kumi na moja ikatoka. Mmoja ukaenda kwenye kisima mbele ya Kajiado, mahali pa maboma thelathini, penye ng'ombe wengi na maji machache.

Mwezi wa saba simu ikapigwa. Mpini umekatika, mama mzee ameanguka juu ya saruji na kuvunjika mkono. Baadaye kidogo ikaja picha. Ilionyesha pampu, kipande cha mpini kikining'inia, mitungi ya njano imelala ubavu, na kamba ya katani imefungwa kwenye kipande kile. Upande wa pili wa kamba alikuwa punda.

Wahome aliitazama picha.

"Punda," akasema. "Wamefunga punda kwa mpini. Nani alihesabu punda?"

"Hakuna," Nelima akajibu.

"Basi andika hivyo. Andika fupi."

Akaandika fupi. Sentensi tatu: mpini ulivutwa kando na mnyama, haukukusudiwa kuvutwa kando, hayo ni matumizi mabaya. Akatia sahihi, ikatumwa kwa kamati ya kisima. Siku ile aliona kama ameponea. Usiku alilala, jambo ambalo leo analionea haya.

Wiki moja baadaye vipande vyenyewe vikafika ndani ya gunia. Nelima aliviinua dirishani. Yeye amekua akivunja miwa kwa goti, anajua kitu chenye nyuzi kinavyovunjika: huacha ndevu, hukatika kwa kung'ang'ania. Huu haukuwa na ndevu. Ulikuwa laini, kama sabuni iliyokatwa kwa uzi. Na ule ulaini ulianzia ukingo wa tundu la pini ukafuata mstari mmoja mwembamba mpaka nje. Kidole chake gumba kiliujua mstari huo kabla jicho halijaufikia.

Akarudi kwenye kompyuta. Safari hii hakuiambia nyuzi zimelala ovyo. Aliufuata ule uji wa moto tangu unapoingia kwenye kalibu la chuma, unavyogawanyika ukikutana na pini, unavyopita kila upande na kukutana tena nyuma yake, na nyuzi zikigeuka pamoja nao. Kisha akaanza kuhesabu kuvuta kwa maji, asubuhi hadi jioni, maelfu kwa siku. Pale nyuma ya tundu pakageuka manjano ndani ya mwezi wa kwanza wa matumizi. Mwezi wa tano pakawa pekundu. Hapakuwa na punda popote.

Bado moyo ulikuwa unatafuta mlango. Labda punda naye aliongeza kitu. Lakini hakuna kitabu kinachosema punda anavuta kwa nguvu gani anapofukuza nzi, kwa hiyo Nelima na Kimanzi walichukua mizani ya ndoano wakaenda kwa Peterson, anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda nyuma ya soko la Kitengela.

"Mnapima uzito wake ama hasira yake?" Peterson aliuliza.

"Anavyovuta akiwa amefungwa," Nelima akasema.

"Huyu hana shida na kamba. Shida yake ni wanawake wanaomwangalia sana. Rudi nyuma kidogo, madam."

Walikaa pale saa nzima. Punda alitikisa kichwa, akafukuza nzi, mara mbili akaruka. Nelima akaziandika namba zote, akazirudisha kwenye kompyuta, akamfunga punda wa hesabu kwenye mpini wa hesabu kila asubuhi kwa miezi mitano. Jibu likaja: punda alikuwa ameharakisha kifo cha mpini kwa siku mbili.

Siku mbili. Alimpelekea Wahome jibu hilo likiwa limechapishwa.

Wahome hakuwa mtu mbaya. Alisoma karatasi mpaka mwisho, akavua miwani. "Tutabadilisha zote," akasema. "Kimya kimya. Chuma irudi, bolti zichomelewe mwizi asizifungue. Anza na zile bado zinafanya kazi, kabla mtu mwingine hajaumia. Lakini ripoti ibaki vile iko. Umeshamtibu mgonjwa, Nelima. Lazima pia umwambie ni wewe ulimpa ugonjwa?"

Nelima akakubali. Akaipanga orodha kwa mkono wake mwenyewe: kwanza visima kumi vyenye mipini mizima, kisha, mwisho kabisa, kile cha mbele ya Kajiado, kwa sababu mpini uliokwisha kuvunjika hauwezi kumvunja mtu tena. Hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo sababu watu wa maboma thelathini wakakaa wiki saba bila pampu.

Kumbe kule, katika hizo wiki saba, ripoti ilikuwa inafanya kazi yake. Kimanzi ndiye aliyemwambia, baada ya kupiga simu huko kupanga siku ya kwenda. Mwenyekiti wa kamati ya kisima, Mzee Lemein, alikuwa amemwomba mwalimu asome zile sentensi tatu mbele ya mkutano. Punda alikuwa wa Seleyian, anayeitwa Mama Nalangu, mke wa mwana wa yule mama mzee aliyeanguka. Yeye ndiye aliyemfunga. Kamati ikaamua punda auzwe, na pampu ikipona Mama Nalangu awe wa mwisho kuteka, baada ya wote, mpaka mvua inyeshe.

"Na kwa sasa?" Nelima akauliza.

"Kwa sasa wanachimba mchangani kwa mto mkavu. Ni mbali. Akifika, wengine wanainuka wanaenda."

Nelima alisema atakwenda naye.

Walipita Kajiado siku ya soko, mbuzi wakivuka barabara ya Namanga bila haraka, wakakunja kushoto kwenye njia ya vumbi. Mpini wa chuma uligonga nyuma ya pikapu njia nzima. Nelima alikuwa akijaribu sentensi mdomoni. Kulikuwa na hitilafu katika hesabu. Tathmini ya kwanza haikuwa kamili. Kila moja ilikuwa laini na haikuwa na mtu ndani yake.

Kimanzi akabaki pampuni na vifaa vyake, na Nelima akaongozwa bomani kumwona mgonjwa. Mlangoni mtoto wa kike wa miaka mitano hivi alimjia, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa. Nelima amekaa Kitengela miaka ya kutosha kujua kwamba mtoto anasubiri mkubwa amwekee mkono utosini. Akauweka. Kichwa kilikuwa na joto la jua. Aliuondoa mkono upesi kuliko ilivyo adabu.

"Huyo ni Nalangu," sauti ikasema kutoka ndani. "Ingia, usimwogope, haumi."

Kokoo Nailantei, bibi yake mtoto, yule aliyeanguka, alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wake wa kulia ndani ya plasta iliyochafuka, shanga zake zote amezihamishia mkono wa kushoto.

"Ni wewe injinia? Nilifikiri ni mwanaume. Na yule Mkamba nimeona kwa gari, ni bwana yako?"

"Hapana, kokoo. Tunafanya kazi pamoja."

"Mwambie akimaliza arudishe ng'ombe. Babu zake walichukua nyingi hapa."

Nelima akacheka bila kutaka. Kisha akasema, "Kokoo, nimekuja kwa sababu ya mkono wako. Nataka kukuambia—"

"Kunywa chai kwanza. Habari haianzi na mgonjwa." Mama mzee akaegemea ukuta. "Kwenu kumenyesha?"

Huo ndio utaratibu, na hakuna mgeni anayeuruka. Ikabidi Nelima aanze na mvua ya Bungoma, halafu miwa, halafu mama yake na goti lake bovu, halafu barabara, na kila alipotua kokoo aliitikia "ee", kwa sauti ya mtu anayepokea kitu na kukiweka mahali pake. Katikati ya habari aliingia mwanamke mwembamba, amebeba birika. Alimimina chai bila kumwaga tone, akampa Nelima kikombe kwa mikono miwili, akatoka. Hakuketi.

"Ndiye huyo Mama Nalangu," kokoo akasema. "Mimi simlaumu. Punda ni punda. Lakini watu wakitembea mbali kutafuta maji, wanatafuta pia mtu wa kulaumu. Yeye mwenyewe amekubali. Ananiosha, ananilisha, ananivalisha, haongei. Naona vile anaangalia huu mkono. Ningependa aache kuuangalia."

Chai ilikuwa tamu sana. Habari sasa ilikuwa imefika kwenye zamu yake. Alikuwa amefungua mdomo. Hapo Mzee Lemein akapiga hodi, mtu mrefu mwenye koti juu ya shuka, akasema pampu iko tayari na watu wamekusanyika, injinia aje.

Wanawake walikuwa wamepanga mitungi kutoka kwenye saruji hadi njiani. Kimanzi alikuwa anakaza bolti za mwisho. Hatua kumi nyuma ya mtungi wa mwisho, peke yake, alisimama Seleyian na mitungi miwili na kamba ya kuibebea mgongoni. Mwanawe alikuwa amemshika nguo.

Mzee Lemein alisalimia watu, akashukuru Mungu, akashukuru kiwanda. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mpaka imelainika kama kitambaa. Nelima aliitambua sahihi yake kutoka mbali.

"Sitaki tena kuona mnyama karibu na hiki chuma," mzee akasema. "Injinia mwenyewe amekuja. Sisi tulisomewa tu. Sasa yeye atueleze vile punda alivunja, watu wasikie, yaishe."

Wote wakamgeukia. Ilikuwa rahisi mno. Alikuwa amepewa hata maneno ya kusema.

"Mzee," Nelima akaanza. "Ng'ombe wako wakikuta mti njiani, wanafanya nini?"

Mzee Lemein alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni maji. "Wanagawanyika."

"Wakishaupita?"

"Wanakutana tena."

"Hapo wanapokutana, wa kushoto anaingia upande wa kulia?"

"La. Kila mmoja anashika upande wake. Wanatembea tu bega kwa bega."

"Na mtu akitaka kupita katikati yao hapo?"

"Anapita. Hapo hakuna kitu kimeshikana." Mwanamke mmoja akaongeza kwamba hapo ndipo fisi huingilia, na wengine wakacheka.

"Ule mpini ulikuwa na nyuzi ndani," Nelima akasema. "Nyuzi ndizo nguvu yake. Ulipomiminwa, nyuzi zilikuta pini zikagawanyika, zikakutana nyuma ya tundu bega kwa bega. Hakuna hata moja ilishika mwenzake. Hapo ndipo ulipasuka. Ulianza kupasuka ndani siku mliyoanza kuutumia, na kila mtu hapa aliuongeza kidogo alipovuta maji. Punda tulimpima. Hata asingekuwa mahali hapa, mpini ungevunjika wiki hiyo hiyo."

Kicheko kikaisha. Mzee Lemein akaitazama karatasi yake, mbele na nyuma.

"Basi hii imedanganya."

"Ee, mzee. Imedanganya."

"Karatasi haina mdomo, binti yangu. Nani aliisemea?"

Nelima aliona jinsi neno kiwanda lingeweza kutoka, kubwa, lenye ukuta na geti, na yeye abaki ndani yake salama. Hesabu. Tathmini. Hitilafu. Alijua pia kwamba kabla ya Jumatatu Wahome angekuwa amesikia, na kwamba huenda asiwe na meza ya kurudia.

Alianza kutembea, akaipita mitungi yote ya njano mmoja baada ya mwingine, wanawake wakimpisha, mpaka akafika pale nyuma ambapo mstari ulikuwa umeishia na mtu mmoja alikuwa amebaki. Seleyian aliinua macho, kisha akayashusha, kama mtu aliyeitwa kuongezewa adhabu.

Nelima alisimama karibu naye sana, karibu kuliko wageni wanavyosimama, na yale aliyoyasema ni wachache waliosikia.

"Aliyeandika ni mimi, Mama Nalangu. Nilisikia mpini ukipasuka kabla hujamfunga punda, nikaandika ni mzima."